Ekzosi mpya, jeti ile ile? Hesabu za pikipiki kwenye nchi iliyo juu

Mtu akiniuliza afunge ekzosi gani kwenye pikipiki yake, mimi humuuliza kwanza pikipiki yenyewe inafanya kazi wapi. Wengi hujibu "Kampala" au "huku huku Tororo" kisha wanaendelea na habari za saundi, kana kwamba nimeuliza ili kupitisha muda. Nusu ya jibu iko hapo. Uwanja wa ndege wa Entebbe uko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na Kampala iko juu zaidi kidogo. Kapchorwa inakaribia mita 1,900, na Kabale haiko mbali na 2,000. Ukiteremka mpaka ufukwe wa Ziwa Albert unajikuta kwenye mita 620 hivi. Pikipiki ni ile ile na jeti, kile kijitundu cha karibureta kinachopima petroli, ni ile ile, lakini hewa inayoingia kwenye injini si ile. Na ushauri mwingi tunaoutazama kwenye simu unatoka kwa watu wanaoishi karibu na bahari, ambao hawana sababu ya kulifikiria jambo hili hata kidogo.

Kuna kauli ambayo mafundi na vijana wa stejini wameishika kama kiapo: ukibadili ekzosi, badili na jeti, la sivyo injini itaungua. Kwa pikipiki nyingi za hapa Uganda kauli hiyo haistahili uzito inaopewa. Zipo nyakati ni kweli, na nitazieleza. Lakini mara nyingi jeti kubwa inaingizwa mahali ambapo petroli ilikuwa imeshazidi, na mwenye pikipiki anaanza kulipia kwenye pampu ili kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Aliyenichokoza nikaandika haya ni mpwa wangu, mwendesha boda mwenye Bajaj Boxer ambayo bado anailipia kila wiki. Alikuja na picha kwenye simu: ekzosi fupi, nene, yenye rangi ya buluu na zambarau kama titani iliyopata moto, na ubavuni kibandiko cha Akrapovič, jina kubwa la ekzosi.

"Mjomba, hii itaniongezea spidi?"

Nikamuuliza spidi ya kumpeleka wapi. Akacheka. "Basi hata saundi tu, Mjomba. Wateja wanisikie nikifika."

Hilo la saundi naliheshimu kuliko lile la spidi, kwa sababu anayesema anataka sauti anajua anachonunua. Zipo sababu nyingine za halali: ekzosi ya zamani imeoza kwa kutu, imepasuka pale ilipochomelewa, imebondeka kwenye jiwe, au mtu anapenda tu chombo chake kipendeze. Nguvu ndiyo sababu dhaifu kuliko zote kwa injini ya silinda moja ya cc 100 au 150. Na uzito? Ekzosi nyepesi inaweza kupunguza kilo moja au mbili. Kwa pikipiki inayobeba abiria wawili na mikungu mitatu ya matoke, hizo kilo mbili hakuna atakayezitafuta.

Ili kuona kwa nini nguvu haiji kirahisi, inabidi tuingie ndani ya bomba. Valvu ya kutolea moshi inapoanza kufunguka, ndani ya silinda bado kuna presha kubwa. Presha hiyo inapiga bombani kama wimbi, na wimbi hilo linakimbia haraka kuliko moshi wenyewe, kwa mwendo wa sauti ndani ya gesi ya moto, yaani mita 500 na zaidi kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, au linapoishia, sehemu ya wimbi inageuka na kurudi nyuma. Inarudi ikiwa kinyume: badala ya kusukuma, inavuta. Ikiwahi kurudi kwenye valvu ule muda mfupi ambao valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka, inavuta mabaki ya moshi nje na kusaidia hewa mpya kuingia. Hapo ndipo ekzosi inapotoa nguvu ya bure.

Tatizo ni kwamba saa ya wimbi hilo inategemea urefu wa bomba, na urefu haubadiliki. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa kranki unachukua milisekunde 10. Ikizunguka mara 3,000, unachukua 20. Wimbi lililorudi kwa wakati kwenye mwendo mmoja linachelewa au kuwahi kwenye mwendo mwingine. Kwa hiyo kila ekzosi ina eneo lake la kufurahi: bomba refu husaidia chini, bomba fupi husaidia juu. Ile fupi ya kwenye picha, hata kama ingekuwa halisi, ingesaidia juu kabisa, huko ambako mwendesha boda hafiki. Yeye anaishi kwenye gia ya pili na ya tatu, akipanda mlima wa Nakasero, Kampala, na abiria mgongoni.

Kuna lingine linalorudiwa sana, kwamba injini inahitaji moshi uzuiwe kidogo ili ipate nguvu. Haihitaji. Hakuna injini inayofaidika kwa kubanwa pumzi. Kinachowachanganya watu ni hiki: wakifunga bomba pana, nguvu ya chini inapungua, nao wanahitimisha kwamba kizuizi ndicho kilichokuwa kinasaidia. Kilichopotea ni kasi ya moshi. Katika bomba lenye kipenyo cha kufaa, moshi unatoka kwa mkupuo na mkupuo huo unaacha upungufu wa presha nyuma yake, kama abiria wanavyoruka kutoka kwenye teksi ikifika Old Taxi Park na aliyebaki ndani anajikuta ana nafasi ya kunyoosha miguu. Panua bomba kupita kiasi na mkupuo unalegea. Ndiyo maana salensa ya kopo la maziwa iliyochomelewa kwenye shingo nene kuliko ya kiwandani hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo.

Watu hunitajia mbio. Wanasema kule wanabadili ekzosi na pikipiki inaruka. Ni kweli, na historia yake inavutia. Hideo Yoshimura, yule waliyemwita "Pop", alileta ekzosi ya mabomba manne kuingia moja mnamo 1971, kwa ajili ya Honda CB750. Injini ya silinda nne ina bahati ambayo Boxer haina: mkupuo wa silinda moja unaweza kuivutia silinda jirani, mradi mabomba yamekutana mahali pazuri. Silinda moja haina jirani. Sifa za majina makubwa ya ekzosi zimejengwa juu ya injini za namna ile, na juu ya waendeshaji wanaokaa kwenye mizunguko 10,000 na zaidi kwa dakika. Kuhamisha sifa hizo hadi kwenye silinda moja ya cc 100 kwa njia ya kibandiko ni kazi ngumu kwa kibandiko.

Watengenezaji wa hizi pikipiki ndogo nao si wajinga. Bajaj, kwenye shingo za ekzosi za Pulsar na Discover, waliweka kichupa kidogo kilichochomelewa ubavuni mwa bomba, wakakiita ExhausTEC. Kazi yake ni kuchezea mawimbi yale yale ili kuongeza mvuto kwenye mizunguko ya chini. Nimeona fundi akikikata na kuziba tundu lake kwa sababu "kinazuia moshi". Mwenye pikipiki aliondoka na sauti nzito na pikipiki iliyokuwa ikimtaka ashuke gia kila mlima.

Kama una pikipiki yenye injini ya viharusi viwili, mfano zile Yamaha DT ambazo miradi na mashirika yalizitumia sana vijijini, au zile ndogo za watoto wanaoshindana motokrosi Garuga na Busiika, soma makala hii kwa tahadhari. Kule ekzosi ni sehemu ya injini. Lile tumbo nene la bomba, linalopanuka na kusinyaa tena, linarudisha ndani mchanganyiko uliokuwa umeshaanza kutoroka. Mjerumani Walter Kaaden wa MZ ndiye aliyeufanyia kazi sana ujuzi huo miaka ya 1950, na mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka nao kwenda Suzuki. Kwa injini ya namna hiyo, kubadili bomba bila kugusa karibureta ni kutafuta pistoni mpya. Nadhani hofu nyingi tulizonazo kuhusu jeti zilirithiwa huko, zikabaki hata baada ya viharusi vinne kujaa barabarani.

Haya, tuseme umeamua kununua. Pikipiki nyingi za stejini zina ekzosi ya kipande kimoja, shingo na salensa vimechomelewa pamoja, kwa hiyo kubadili mkia peke yake kunataka msumeno. Kabla ya msumeno, kumbuka kwamba ile ya zamani ndiyo utakayoihitaji siku ya kuuza. Bora ununue nzima, au upate shingo iliyotumika Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, na kuikata hiyo.

Salensa ni za namna mbili kubwa. Ya kiwandani ina vyumba na vijibomba ndani. Moshi unapita chumba hadi chumba ukigeuzwa, na sauti inafia humo. Ya dukani mara nyingi ni bomba lenye matundu linalopita moja kwa moja, limezungushiwa pamba ya kioo inayomeza sauti. Hiyo pamba haidumu. Inaungua, inapeperuka kidogo kidogo kupitia matundu, na salensa iliyokuwa na sauti nene ya kupendeza inaanza kupasua kama bati. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza swali moja: inafunguka? Kama kifuniko cha nyuma kimeshikwa kwa skrubu au riveti, utaijaza tena pamba. Kama kimechomelewa kote, umenunua kitu cha kutupa.

Chuma chenyewe: cha kawaida kilichopakwa rangi kitashika kutu msimu wa mvua ukiingia, hasa ukisafiri safari fupi fupi, kwa sababu maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani ya salensa isiyopata joto la kutosha. Stenlesi inavumilia, na sumaku si kipimo kizuri cha kuitambua, maana zipo stenlesi zinazoshika sumaku. Tazama weldi kwa ndani ukiweza kuingiza kidole mlangoni mwa shingo. Nje wanasafisha kwa grainda na kung'arisha. Ndani utakuta matone ya weldi yamening'inia yakiziba theluthi ya tundu. Kidole kinaona kuliko jicho hapo.

Zile za "Akrapovič" zinazouzwa kwa bei ya viatu zote ni za kuigiza, na muuzaji mkweli atakuambia mwenyewe. Kampuni halisi ni ya Slovenia, inatengeneza kwa modeli maalumu ya pikipiki, na sijawahi kukutana na Boxer kwenye orodha yao. Sizichukii za kuigiza. Nachukia zile zinazokuja na kizibo kinachotolewa mdomoni, muuzaji anakionyesha kama zawadi: "Ukitaka kelele unatoa, ukiona trafiki unaweka." Kizibo hicho hupunguza tundu hadi saizi ya kidole gumba, na mwenye pikipiki anayekiacha ndani amefunga ekzosi inayobana kuliko ile aliyoing'oa.

Na miguu. Hili hakuna video itakayokuambia, kwa sababu kule hawana abiria wa gomesi. Mama anayekaa upande, nguo ndefu, mtoto mapajani, anategemea ekzosi ikae chini na iwe na ngao ya joto. Ekzosi nyingi za dukani zinapinda juu na hazina ngao. Nenda stejini yoyote uangalie mashavu ya miguu ya watu: lile kovu la mviringo, la kahawia, ndani ya mguu wa kulia, linajulikana Afrika Mashariki nzima. Kama pikipiki ni ya kazi, ngao ije kabla ya rangi. Jaribu pia kupiga kiki kabla ya kulipa, maana nimeona zaidi ya moja ambayo kiki ilikuwa inagonga bomba.

Sasa turudi kwenye jeti, na mita.

Karibureta haijui kupima hewa kwa uzito. Inapima kwa mvuto unaotokea hewa inapopita kwenye koo lake. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, lakini petroli haipungui kwa kiwango kile kile. Inapungua kama kwa nusu tu ya upungufu wa hewa. Kwenye mwinuko wa Kampala hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 11 au 12 kuliko pwani. Matokeo yake, karibureta iliyopangwa sawasawa Mombasa ikifika Kampala inatoa mchanganyiko ulio mzito, yaani wenye petroli iliyozidi, kwa asilimia 6 hivi. Ikifika Kabale, uzito unazidi kuelekea asilimia 10. Jeti kuu huuzwa kwa hatua ndogo, 95, 97.5, 100, 102.5, na kila hatua ni kama asilimia mbili na nusu. Kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kwa usawa wa bahari na kuletwa Kampala bila kuguswa ni kama iliyoongezewa hatua mbili tayari.

Ekzosi inayopitisha moshi kwa urahisi inafanya nini? Inavuta hewa zaidi kidogo kwenye mizunguko ya juu na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Kidogo. Kwa salensa tu, chujio la hewa likiwa limebaki kama lilivyo, kile kidogo mara nyingi kinamezwa na uzito tuliopewa na mlima. Kijana wa California unayemwona kwenye simu akiongeza jeti hatua mbili yuko sahihi kwake. Wewe wa Tororo ukimwiga unajenga ghorofa juu ya ghorofa. Kinyume chake nacho ni kweli: pikipiki iliyopunguziwa jeti ikae vizuri Kabale, ukiipakia kwenye lori la Mombasa, itafika huko imekaukiwa na petroli, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni.

Na lile la nguvu linapata jibu lake hapa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Boxer ya Kampala imeshaacha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake njiani kutoka baharini. Hakuna salensa itakayozirudisha.

Lakini usiniamini mimi wala yule kijana. Iamini plagi. Mpwa wangu nilimpeleka kwa fundi ninayemwamini hapa Tororo, mtu mwenye mikono mizito na maneno machache, tukaifanya kazi kama inavyopaswa. Plagi mpya, kwa sababu ya zamani inasimulia habari za miezi mingi zilizochanganyika. Injini ipate moto sawasawa. Kisha barabara ya kwenda Mbale, alfajiri, mahali palipotulia na penye urefu wa kutosha, mkono wa mafuta mpaka mwisho kwenye gia ya juu kwa muda wa kuhesabu polepole, halafu kwa mkupuo mmoja: klachi, zima injini, achia iteleze hadi isimame pembeni. Ukiiacha injini ingurume taratibu hata kidogo kabla ya kuzima, umefuta ushahidi.

Fundi akaifungua plagi kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga. Watu wengi hutazama ncha. Yeye alikuwa anatafuta chini kabisa, mahali ambapo kauri nyeupe inazama ndani ya chuma, kwa sababu huko ndiko jeti kuu inakoandika. Akanipa. "Mzee, tazama mwenyewe." Kulikuwa na pete ya masizi, pana na nyeusi. Petroli nyingi. Na hii ikiwa na ekzosi mpya aliyoazimwa na mwenzake wa stejini, jeti ya kiwandani haijaguswa.

"Sasa ungeongeza jeti hapo?" fundi akamuuliza mpwa wangu.

"Hapana, kaka."

"Jana ulikuwa unataka niongeze."

Rangi unayoitafuta ni ya kahawia hafifu. Nyeupe kavu, au vijidoa vidogo vinavyong'aa, ni mchanganyiko mwepesi. Hapo usisubiri, ongeza. Masizi meusi makavu ni mzito. Masizi yenye unyevu wa oili ni habari nyingine kabisa, nenda ukapime ringi na pistoni kabla ya kuongea habari za ekzosi.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni hili la kupasua. Unafunga ekzosi mpya, unateremka mlima, unaachia mafuta, na nyuma inaanza kupiga pa-pa-pa. Fundi wa haraka anasema imekosa petroli, anaongeza jeti kuu. Lakini jeti kuu inafanya kazi mkono ukiwa umefunguka kuanzia robo tatu kwenda juu. Mkono ukiwa umefungwa, jeti kuu imelala. Anayehusika pale ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko, na katikati, kuanzia robo hadi robo tatu, ni sindano. Na kabla ya hao wote, gasketi. Ekzosi ikifungwa kwa gasketi ya zamani iliyokwisha kubonyea, hewa safi inanyonywa kupitia pengo la shingoni, inakutana na petroli ambayo haikuungua, na inalipuka ndani ya bomba. Gasketi mpya ya shaba inanunuliwa kwa bei ya chapati kadhaa. Injini ikiwa baridi, iwashe, sogeza mkono karibu na maungio ya shingo bila kugusa. Kama panavuja utahisi pumzi, na baada ya siku chache utaona pia mstari wa masizi pale.

Gasketi ikiwa nzima na bado inapasua, ndipo ugeuze skrubu, robo mzunguko kwa kila jaribio. Angalia iko upande gani. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida inapima mchanganyiko wenyewe, na kuifungua ni kuongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa, na kuifungua ni kupunguza petroli. Nimewasikia watu wawili wakibishana kwa jazba kuhusu hilo na wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa karibureta yake. Ukitaka kuongeza petroli katikati, teremsha klipu ya sindano kijino kimoja ili sindano inyanyuke.

Kinachobadilisha hesabu yote ni chujio la hewa. Mtu akitoa boksi la chujio na kufunga lile la uyoga linalong'aa, hapo jeti itahitajika, tena kwa hatua kadhaa, hata kwenye mlima. Mimi ushauri wangu ni usilifunge kabisa. Barabara zetu za muramu kiangazi zinatoa vumbi linaloingia hadi kwenye meno, na lile chujio dogo lisilo na boksi linalipokea moja kwa moja. Ringi na silinda zinakwisha kabla hujamaliza kulipia mkopo.

Kwa zile zenye sindano za umeme, zinazonyunyiza petroli bila karibureta, kama KTM Duke au Honda kubwa, hesabu ni tofauti. Kompyuta yake inasoma presha na joto la hewa na kurekebisha yenyewe kwa ajili ya mwinuko, kwa hiyo ule uzito wa bure wa mlima huupati. Sensa ya oksijeni kwenye shingo ya ekzosi inasahihisha mchanganyiko unapotembea taratibu, kuelekea uwiano wa 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Ukifungua mkono wote, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali lake, ambalo linadhani ekzosi ya zamani bado ipo. Kwa salensa peke yake jedwali la kiwandani kwa kawaida linatosha. Kwa ekzosi nzima iliyoondoa katalisti, yaani kisafisha moshi, tafuta mtu wa kuandika upya jedwali au kifaa cha kati kama Power Commander. Na shingo mpya ambayo haina tundu la sensa usiinunue, hata muuzaji akikuapia kwamba taa ya injini "itazoea".

Kuhusu kelele nitasema machache. Uganda ina kanuni za viwango na udhibiti wa kelele tangu 2003, zenye kikomo kwa maeneo ya makazi, na kikomo cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Utekelezaji kila mtu anauona. Lakini mwenye boda anaishi kwa wateja, na mteja wa saa kumi na moja alfajiri, yule nesi anayewahi zamu, anapanga chumba karibu na watu waliolala. Mpwa wangu alilifikiria hilo mwenyewe; mmoja wa wateja wake wa kila siku alimwomba asije na ile ya kuazima mpaka mlangoni.

Ameishia kununua ekzosi nzima ya aina ile ile ya kiwandani, mpya, pamoja na chujio. Plagi ile tuliyoipimia bado imo. Fundi alimpunguzia jeti hatua moja, na masizi yamepungua. Analalamika kwamba haina saundi.

Mwenye kufunga yake wiki hii: nati mbili za shingoni zikaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili gasketi ilale sawa. Zikaze baada ya klempu ya salensa kuwekwa lakini kabla haijabanwa, vinginevyo bomba linakaa likivutana na litapasuka kwenye weldi. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, injini ikishapoa kabisa, zirudie. Usizilazimishe kwa spana ndefu. Studi zimeshika kwenye kichwa cha alumini, na ikikatika moja mle ndani, siku nzima ya kazi imekwenda.